Video za Harusi Yako Zinalala Wapi?



Tokea Idi ipite, hapa kwetu hakuna mwisho wa wiki usio na kadi ya harusi juu ya meza. Sare zinashonwa, wapaka hina wameshikwa hadi mwezi ujao, kumbi zimejaa. Bi harusi anaulizwa mambo chungu nzima: rangi ya maua, nani atampamba, biriani au pilau, keki ya ngapi. Lipo swali moja ambalo hatulisikii likiulizwa, na sisi tunaona lilistahili kuja kabla ya rangi ya maua. Usiku ule ukishapita, video zake zitalala wapi?

Tuseme wazi tunachokizungumza. Ukumbi wetu wa wanawake una mlango, na mlangoni tunaweka mtu. Mwanamme hapiti, hata mtoto wa kiume aliyeanza kubalehe anarudishwa. Ndani mabaibui yamevuliwa, nywele zimeachwa, watu wazima wanacheza kibao kata kwa raha zao, na bi harusi kapambwa pambo ambalo kwa haki ni la mumewe na la wanawake wenzake. Hakuna ubaya wowote. Suratun Nur, aya ya 31, imetaja nani anaruhusika kuona mapambo ya mwanamke na nani haruhusiki, na sisi tunaufunga mlango kwa ajili hiyo. Halafu saa sita za usiku mpiga video anafunga begi lake, na kadi ndogo kuliko ukucha, iliyobeba kila kichwa kilichokuwa wazi mle ndani, inatoka mlangoni pale pale bila mtu kuiuliza inakwenda wapi.

Wengi tunaridhika tukisikia mpiga video ni mwanamke. Ni jambo jema na tunawaunga mkono dada zetu wanaofanya kazi hiyo, maana wanabeba kamera nzito usiku kucha kwa ujira ambao wengi wetu tunaupigania bei hadi aibu. Lakini kupiga ni nusu ya kazi. Kuna kukata, kuunganisha, kutia nyimbo, kuandika majina. Anayeifanya nusu hii ni nani? Mara nyingi ni kijana wa kiume aliyekaa mbele ya kompyuta, siku tatu nne anawatazama mama zetu mbele nyuma, mbele nyuma. Si lazima awe mtu mbaya. Ukumbini tu hatukumruhusu, basi kwenye kompyuta amepata ruhusa kwa nani?

Kwa hiyo shoga, kabla hujatoa hata shilingi ya rubuni, uliza. Nani atakata video? Kwenye kompyuta ya nani? Kompyuta hiyo inatumiwa na nani mwengine? Nakala itakaa kwake muda gani? Itaonyeshwa kwa wateja wengine kama sampuli ya kazi? Hili la sampuli lina mtego wake. Mpiga video anakwambia "nitaweka kipande kidogo tu kisichoonyesha sura", na kipande hicho kina shangazi yako nyuma, anaonekana vizuri kuliko mlivyodhania. Jibu letu ni hapana, na liandikwe kwenye karatasi ile ile ya malipo. Asiyetaka kuandika keshakujibu.

Halafu nunua kadi yako mwenyewe. Tunalisisitiza hili kuliko yote. Umenunua kitambaa, umenunua viatu vya siku moja, basi nunua na kadi ya kamera, mpe mpiga video mwanzo wa shughuli na uichukue mwisho wa shughuli. Kamera ikiandika, tuseme, kiasi cha GB 22 kwa saa moja, shughuli ya saa tatu inakaribia GB 66. Kadi ya GB 128 inatosha na inabaki. Akihitaji kukata, akatie nyumbani kwenu, au mumpe kadi mbele ya dada yako na dada yako akae naye. Tunajua kuna watakaosema tunawadhalilisha mafundi. Fundi cherehani tunampelekea kitambaa chetu na tunakirudisha nyumbani pamoja na vipande vilivyobaki, wala hajawahi kulalamika kuwa kadhalilishwa.

Kadi hiyo inunuliwe kwa mtu unayemjua, maana za bandia zimejaa madukani. Imeandikwa GB 128 na ndani ina 8. Inapokea kila kitu, majina ya mafaili yanaonekana, ukiyafungua hayachezi, na ukumbi huo haurudi tena. Wiki moja kabla ya harusi ijaze na vitu vyovyote hadi itapike, kisha fungua vilivyoingia mwisho. Vikicheza, nzuri. Visipocheza, irudishe dukani.

Kwa nini tusimwambie tu mpiga video afute? Kwa sababu kufuta si kufuta. Faili likifutwa kwenye kadi au kompyuta, kinachoondoka mara nyingi ni jina lake kwenye orodha. Video yenyewe inabaki pale pale mpaka kitu chengine kiandikwe juu yake, na programu za kuirudisha ziko bure kwenye intaneti, mtoto wa skuli anazitumia. Mpiga video anaweza kuwa amefuta kwa moyo safi kabisa, akaiuza kadi au kuiazima, na aliyeipokea akaurudisha ukumbi mzima kwa dakika chache.

Simu za wageni nazo zina mambo yake. Kumbi nyengine siku hizi wanakusanya simu mlangoni, nyengine wanabandika karatasi juu ya kamera. Sisi tunaafiki yote mawili, japokuwa tunajua kuna mama atakayenuna. Pasipokusanywa, basi somo au mama mkubwa wa shughuli asimame aseme kwa mdomo wake kuwa bi harusi hapigwi. Tunayo desturi ya kumsikiliza somo, tuitumie.

Sasa tutazame kinachotokea baada ya picha moja kuingia kwenye kundi la WhatsApp la "Harusi ya Fulani". Kundi lina wanawake arubaini. Kila simu ikiipokea inaihifadhi yenyewe kwenye picha za simu, kwani hivyo ndivyo ilivyowekwa tokea mwanzo. Simu ikiwa imeruhusiwa, inazipandisha picha hizo kwenye akaunti ya Google bila kuuliza mara ya pili. Na akaunti hiyo ni ya nani? Hapa ndipo penye kichekesho chetu cha kiswahili. Wengi wetu akaunti ya simu ilifunguliwa na kijana wa dukani siku tuliponunua simu, nywila anaijua yeye. Au ni ya mume, au ya kaka, ile ile iliyowekwa kwenye tableti ya watoto na kwenye televisheni ya sebuleni. Mgeni wa kiume kakaa anakunywa kahawa, televisheni imetulia, na picha za simu zinaanza kupita zenyewe moja baada ya moja. Haikuvujishwa na adui. Simu imefanya tulichoiruhusu ifanye.

Dawa yake ni robo saa ya kazi. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime kuhifadhi picha na video kwenye simu. Ingia kwenye Google Photos uangalie kama inapandisha, na kama inapandisha, kwa akaunti gani. Badilisha nywila ya akaunti leo, hata kama kijana wa dukani ni jirani. Na kama ni lazima umtumie mama picha moja ya kichwa wazi, tumia ile njia ya kutazamwa mara moja, ukijua kuwa hata hiyo haizuii simu ya pili kupiga kioo cha ya kwanza.

Wapo wanaotwambia: haya yote ya nini, si tusipige kabisa? Dada aliyeamua harusi yake isipigwe tunampa heko, na asisumbuliwe na mtu. Lakini hatuwezi kusema hivyo kwa kila nyumba. Visiwa hivi vina watu Muscat, Dubai, London, Toronto. Kuna mama mzazi aliyekosa nauli au karatasi za kusafiri, na harusi ya mtoto wake ataiona kwa video tu. Kuna bibi asiyeweza kupanda ngazi za ukumbi. Kumnyima huyo kwa kuogopa simu si uadilifu. Kwa huyo aliye Muscat, tafuta mtu wa kwenu anayesafiri, mpe flashi mkononi, aipeleke kwa mkono. Ndivyo tulivyokuwa tukipeleka kaseti, na zilifika.

Tukishavitoa vitu kwa mpiga video na kwenye makundi, tunarudi kwenye simu zetu wenyewe, na hapa tuwe wakweli: ni ghala la karafuu lisilo mwenyewe. Suratul Kahf imekaa na wimbo wa harusi, mawaidha ya Ijumaa yamekaa na video ya paka, dua ya safari imekaa na clipu ya jikoni, na katikati yao dakika tisa za bi harusi anafunuliwa. Ukiiambia simu icheze, inacheza kilicho mbele yake. Umeiunganisha na sabufa nyumbani kwa watu, umetia aya, aya imekwisha, na kinachofuata ni taarabu ya rusha roho mbele ya baba mkwe.

Sisi tunapendekeza uipange simu kama nyumba zetu zilivyopangwa. Nyumba ya Kiswahili ina baraza, ina sebule, ina ndani. Baraza ni ya kila mpita njia. Sebule ni ya anayekaribishwa. Ndani hakuingii mtu ila wa ndani. Fungua folda tatu, ziite hivyo hivyo, na kila kinachoingia kwenye simu yako kiulizwe kinakaa wapi kabla hakijalala.

Barazani weka Qur'ani, mawaidha, dua, kaswida, maulidi, kila ambacho ungependa mtu akikute kinalia. Hapa tuna mengi ya kusema kwa sababu tunaona dada wengi wanapata taabu isiyo lazima.

La kwanza ni namba. Msahafu una sura 114. Ukiziandika 1, 2, 3 hadi 114, redio ya gari na vile vichezeo vidogo vya sokoni vinazipanga kama herufi, kwa hivyo baada ya 1 inakuja 10, kisha 100, kisha 101, na Al-Baqara unaikuta mbali huko. Andika tarakimu tatu kwa zote: 001, 002, 003. Al-Kahf ni 018, Yasin ni 036, Al-Mulk ni 067. Zitakaa sawa popote. Vichezeo vyengine vya bei rahisi havitazami majina hata kidogo, vinacheza kwa mfuatano ule mafaili yalivyoingizwa, basi kwa hivyo nakili sura kwa mpango, usizitupe zote kwa mkupuo.

La pili ni ukubwa. Msahafu mzima kwa kisomo cha murattal, kama cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, yule wa Misri ambaye murattal wake wa mwaka 1961 ulikuwa wa mwanzo kurekodiwa kamili, ni takriban saa 30. Ukiwa kwenye mp3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, unachukua kiasi cha GB 1.7. Kwa sauti ya mtu mmoja asiye na ala, kilobiti 64 zinatosha kabisa, na hapo haufiki GB 1. Darsa na mawaidha vivyo hivyo: saa nzima ni kama MB 29. Tunaona dada wanamaliza bando kupakua darsa kwa video, sheikh kakaa kwenye kiti saa nzima hasogei. Chukua sauti tu, bando libaki la kumpigia mama.

La tatu ni flashi isiyosomwa. Umejaza flashi ya GB 64, umeichomeka kwenye gari ya mumeo, redio inasema hakuna kitu. Flashi haijafa. Flashi na kadi zinazozidi GB 32 mara nyingi huja zimepangwa kwa mtindo uitwao exFAT, na redio nyingi zinaelewa FAT32 peke yake. Nunua ya GB 32 au pungufu kwa ajili ya gari na umalize. Ila ujue kuwa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, ndiyo maana video ndefu ya harusi inakataa kuingia humo hata pakiwa na nafasi.

Na kwa vile tuko barazani, neno moja la pembeni: aya kuwa mlio wa simu sisi hatuipendi. Inakatwa katikati ya neno, tena pengine chooni. Tumia kengele.

Kuhusu ala hatutaingia kwenye mjadala wa wanavyuoni hapa. Ruhusa ya dufu harusini inajulikana, na juu ya mengine kila mmoja ana sheikh wake na dhamira yake. Tunalosema ni kuwa mpangilio unamsaidia kila mtu. Asiyesikiliza ala hatashtukizwa nazo, na anayesikiliza taarabu hatamkwaza mgeni. Taarabu, nyimbo za watoto, video za Mfunguo Mosi na za kuzaliwa kwa kijukuu, hizo ni za sebuleni. Anayekaribishwa anafunguliwa.

Ndani ndiko kwenye kazi. Na la ndani tunalisema hivi: halikai kwenye simu. Simu inaazimwa, inaibiwa daladalani, inapelekwa kwa fundi kubadilishwa kioo na fundi anataka nywila "ili aijaribu". Wengi wanafikiri wameficha kwa sababu kitu hakionekani kwenye picha. Kuna faili dogo liitwalo .nomedia ambalo ukiliweka kwenye folda, simu za Android haziionyeshi folda hiyo kwenye picha. Zuri kwa kupunguza vurugu, lakini ni pazia. Ukiingia kwa mlango wa mafaili, kila kitu kiko pale. Zile programu za bure zinazojifanya kikokotoo, na ukiandika namba ya siri zinafunguka video, tunazipenda hata kidogo zaidi: hujui aliyezitengeneza, na simu ikifa siku hiyo, mara nyingi na video zimekwenda.

Weka la ndani kwenye diski mbili ndogo za nje, au kadi mbili, zenye kitu kile kile. Mbili, kwa sababu kadi haiumwi ikajulikana kuwa inaumwa, inakufa ghafla. Moja ikae nyumbani kwako kwenye kabati penye dhahabu zako, nyengine kwa mama au dada. Mwenye mtoto au ndugu wa kike anayejua kompyuta amwambie aifunge kwa nywila kwa programu kama VeraCrypt, ambayo ni bure, ili hata akiiokota mtu isimfungukie. Mara moja kwa mwaka, tuseme kila ikifika Shaaban tunapofagia nyumba, zifungue zote mbili uone kama bado zinacheza. Ukitaka kutazama na mashoga, chomeka kwenye kompyuta, tazameni, chomoa, rudisha kabatini. Albamu za picha za mama zetu zilikaa hivyo hivyo chini ya kanga kwenye sanduku, na alizitoa alipotaka na kwa aliyemtaka.

Na ukiuza simu, kadi ya memori itoe kwanza. Simu za karibuni zikirudishwa kama zilivyotoka kiwandani zinafuta ufunguo wa vilivyomo ndani yake, lakini kadi haiguswi. Kadi usiiuze, haina bei ya kukutia mashakani. Ikate kwa mkasi.

Lipo sanduku jengine ambalo linatuuma zaidi, maana hilo halivuji bali linaoza. Kaseti za bibi zetu. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 wakarekodi santuri, na kwa hilo sauti yake tunayo hata leo, miaka mingi baada ya kufariki kwake mwaka 1950. Bi Kidude kaondoka 2013 na sauti yake imejaa duniani. Lakini bibi yako aliyekuwa akisoma maulidi ya homu uwani, somo aliyemuweka mama yako ndani siku saba akamwimbia alipokuwa akimsinga, sauti yake iko kwenye kaseti moja ya dakika 60, ndani ya bati la biskuti, kwenye kisiwa chenye joto na unyevu. Kuvu lishaanza kupanda juu ya utepe.

Kuiokoa si kazi ya mtaalamu. Inatakiwa redio ya kaseti inayofanya kazi, waya wa kutoka tundu la spika za masikio kwenda kwenye kompyuta, na programu ya Audacity ambayo hailipiwi. Kabla ya kucheza, zungusha kaseti mwanzo hadi mwisho na kurudi, ili utepe ulegee. Angalia kipimo cha sauti kisiguse nyekundu. Rekodi kwa WAV, ambayo kwa saa moja ni kama MB 600, uiweke kabatini kama asili, kisha toa mp3 ndogo ya kusikiliza kwenye simu. Usisafishe mikwaruzo kwenye ile ya asili, ache kama ilivyo. Halafu andika. Faili linaloitwa "Track 1" baada ya miaka kumi ni la mtu asiyejulikana. Andika jina la msomaji, mahali, mwaka kama unajulikana, na nani walikuwa wakiitikia. Mkalishe shangazi mzee karibu na spika, atawatambua kwa sauti zao mmoja mmoja, na akianza kuwataja washa simu umrekodi na yeye.

Sauti hizo nazo zigawe kwa nyumba yetu ile ile. Maulidi ni ya barazani, msikilizishe kila mtu. Nyimbo za singo na mafunzo ya somo kwa mwari ni za ndani, na hapa tunatofautiana na wale wanaozitupa mitandaoni kwa jina la kuhifadhi utamaduni. Aliyeziimba aliziimba mlango umefungwa. Hakutoa idhini, na sasa hayupo wa kuulizwa. Kuhifadhi ni kuziweka ziwafikie watoto wa kike wa ukoo wake. Mtu wa nje anayezitaka kwa utafiti aje aombe kwa wenyewe.

Limebaki moja ambalo mabibi harusi hawapendi kulisikia, na tutalisema. Ndoa nyengine zinavunjika. Nakala ya video ya ukumbini kwa mume ina vichwa vya mama zako, dada zako na mashoga zako, na hao hawakuolewa naye hata siku ile ya furaha. Yeye apewe video ya nikaha na ya kuingia kwake kumchukua mkewe. Ya ukumbini ni ya mke na inaondoka na mke. Lisemwe mapema watu wakiwa wanapendana, kama mahari yanavyosemwa mapema.

Na mauti yapo. Mwanamke akifariki, simu yake inashikwa na aliye karibu, pengine kaka, pengine mtoto wa kiume, kwa nia nzuri ya kutafuta namba za jamaa wa kuwapa habari ya msiba. Tunamuosha maiti wetu chini ya shuka, wanawake watupu, hakuonekani sehemu isiyopasa, na nje ukumbini simu yake inazunguka mikononi. Mchague dada mmoja, mwambie nywila yako na mahali ilipo diski. Mwambie pia ni vipi vya kumpa binti yako akikua, na ni vipi vya kukata kwa mkasi siku hiyo hiyo kabla ya jeneza kutoka.